Chaja ya Matundu Matatu Imetua Tsoka

Imefika soko la Tsoka, Lilongwe, jamani, na ni nzuri kuliko nilivyotarajia! Chaja moja ya wati 65 yenye matundu matatu: mawili ya USB-C na moja la USB ile pana ya zamani. Pini zake ni zile tatu nene za mstatili, zinaingia kwenye soketi zetu za Malawi bila adapta ya kuchezacheza, na kitu chote kinaenea kiganjani. Niliichomeka ukutani, nikaunganisha laptopu, nikaunganisha simu, kisha simu ya pili, na vyote vitatu vikaanza kujaa kwa wakati mmoja. Ndugu zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mama zangu wenye vibanda vya kuchajia simu, wanafunzi mnaosoma kwa intaneti: hiki ndicho kifaa tulichokuwa tunakihitaji.

Nianze na udogo wake, maana ndio unaomduwaza kila anayeishika. Chaja ya laptopu tuliyoizoea ni boksi jeusi lenye waya pande mbili, zito, linalokula nusu ya begi. Hii mpya haifiki hata nusu yake. Siri ni galiamu naitraidi, ile inayoandikwa GaN kwenye paketi. Transista za silikoni zikiwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa mno hupoteza umeme mwingi kwa kugeuka joto. Za GaN hupoteza kidogo, kwa hiyo zinaruhusiwa kwenda kasi zaidi, na kadiri zinavyokwenda kasi ndivyo transfoma ya ndani inavyoweza kuwa ndogo. Na tazama ajabu hii: galiamu naitraidi ndiyo iliyotupa taa nyeupe za LED, zikiwemo za sola tunazosomea usiku. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua diodi yenye ufanisi ya mwanga wa buluu, ambayo ni msingi wa taa hizo. Sasa kitu hichohicho kilichotuangazia daftari kinatujazia betri.

Nashangilia hivi kwa sababu kwetu kasi ya kuchaji si anasa. Umeme wa Malawi unategemea sana mto Shire. Januari 2022, dhoruba ya Ana ilipobomoa bwawa la Kapichira, nchi ilipoteza ghafla kituo chenye uwezo wa karibu megawati 130, na mgao ukawa ndio ratiba ya maisha. Hadi leo kuna watu wanaopanga siku yao kwa kufuata saa za ESCOM, shirika la umeme. Umeme ukikujia saa mbili tu, swali ni moja: utaingiza kiasi gani kwenye betri kabla haujaondoka?

Tupige hesabu. Betri ya laptopu ya ofisini, kama bado ina afya, inabeba wati-saa 50 hivi. Simu yenye betri ya mAh 5000 inabeba kama wati-saa 19. Laptopu moja na simu mbili zinataka jumla ya wati-saa 88. Chaja ya wati 65 ikifanya kazi saa mbili inaweza kutoa hadi wati-saa 130. Ondoa kinachopotea kwa joto, ondoa na ule mwendo wa pole ambao betri hujiwekea ikishapita asilimia 80, bado unakaribia kabisa kuvijaza vyote vitatu. Chaja ndogo ya wati 10 katika saa hizohizo mbili inatoa wati-saa 20, yaani simu moja, basi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atawasilisha kazi yake usiku au atakaa gizani akiitazama skrini nyeusi.

Na wanafunzi wapo! Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikitarajiwa kuhifadhi watu kama elfu kumi hivi. Leo tunazidi elfu hamsini, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2010 kambi hii, pamoja na Kakuma ya Kenya na Aleppo ya Syria, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kujaribu masomo ya chuo kikuu kwa intaneti chini ya mpango wa Wajesuiti ambao sasa unaitwa Jesuit Worldwide Learning. Ongeza vijana wanaoandika programu za kompyuta, wanaohariri video, wanaorekodi muziki wakisubiri jukwaa la Tumaini, tamasha lililoanza kambini mwaka 2014. Hawa wote wanaishi kwa betri.

Sasa, nitawaambia jambo ambalo ningependa kila anayeshuka kwenye basi dogo Lilongwe alijue kabla hajafika Tsoka: usinunue jina, nunua maandishi madogo ya mgongoni. Jina la kampuni maarufu ni rahisi kuliko vyote kulichapisha, na ndiyo maana sitaji hata moja hapa. Geuza chaja. Tafuta mstari ulioandikwa "Output". Kwenye ile niliyoishika, tundu la kwanza la USB-C linaorodhesha volti 5, 9, 15 na 20, na kwenye 20 inaandika ampea 3.25. Zidisha 20 kwa 3.25: wati 65 kamili. Huo ndio mstari wa dhahabu! Bila volti 20, laptopu nyingi zitachaji kwa kusuasua au hazitachaji kabisa.

Volti hizo nne zinatokana na utaratibu uitwao Power Delivery. Ukiunganisha kifaa, chaja inataja ilicho nacho, kifaa kinasema kinachotaka, na wanapatana kama mteja na muuzaji wa Tsoka kabla ya pesa kubadilishana mikono. Wasipoelewana, inabaki volti 5 na hakuna kinachoungua. Kwa hiyo usiogope kuweka simu ndogo kwenye chaja kubwa ya aina hii: simu inachukua inachokitaka tu. Wenye Samsung watafute pia herufi PPS, maana ndizo zinazoifungulia simu kasi yake yote. Wenye Tecno na Infinix wajue kwamba simu nyingi za chapa hizo zina utaratibu wake wenyewe wa kasi, kwa hiyo chaja iliyokuja nayo kwenye boksi huenda ikabaki kuwa ya haraka zaidi kwa simu hiyo. Usiitupe.

Utakutana pia na chaja za matundu sita, zenye taa za rangi na neno "Fast" kwa herufi kubwa. Geuza. Mara nyingi utaona volti 5, ampea 3.1, na hiyo ni jumla ya matundu yote. Ni wati 15 na nusu zinazogawanywa kwa sita, chini ya wati tatu kila moja! Achimwene, yaani kaka muuzaji, akikusifia taa, mshukuru kwa heshima, urudishe mezani.

Hata ile nzuri ina masharti yake, na ninayataja kwa furaha kwa sababu ukiyajua unaitumia vizuri zaidi. Wati 65 ni za tundu moja likiwa peke yake. Ukiongeza simu kwenye tundu la pili, laptopu inashuka hadi 45 na simu inapata 20. Ukijaza yote matatu, laptopu inabaki na 45, simu mbili zinagawana kilichobaki kwa mwendo wa pole. Mgawo huu huandikwa kwenye paketi. Usome kabla ya kulipa. Na kila unapochomeka au kuchomoa kifaa, chaja hukata umeme kwa nukta moja ili ijipange upya. Laptopu haitatambua, lakini kifaa kisicho na betri, kama ruta inayopata umeme hapohapo, kitazima na kuwaka tena.

Waya! Watu wanalipia chaja nzuri kisha wanaiunganisha kwa waya wowote uliookotwa kwenye droo. Waya wa kawaida wa USB-C unaruhusu ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndogo ndani inayojitambulisha kwa chaja. Kwa chaja ya 65 waya wa ampea 3 wenye ubora utaishia wati 60; ukitaka 65 kamili, chukua wa ampea 5. Kwa chaja ya wati 100 nunua ule wa ampea 5, vinginevyo pesa ya ziada umeitoa bure.

Halafu itazame laptopu yenyewe. Laptopu nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba, kuanzia zile za 2018 hivi, kama ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5, zinapokea umeme kwa USB-C. Nyingine zina tundu la USB-C la data peke yake. Nenda na laptopu yako sokoni, omba kuijaribu palepale, subiri alama ya kuchaji itokee kwenye skrini. Muuzaji anayejiamini hatakunyima dakika hiyo.

Jambo la mwisho ndilo lililonisisimua kuliko yote. Wasio na waya wa ESCOM, wenye paneli na betri ya volti 12, wana dada wa chaja hii: ile ya gari. Inatumia Power Delivery ileile, inachomekwa kwenye soketi ya gari iliyofungwa kwenye betri ya sola, na haihitaji inveta ya kupandisha umeme hadi volti 230 ili chaja iushushe tena. Safari hiyo ya kupanda na kushuka hula umeme wa jua uliouvuna kwa taabu. Kibanda cha kuchajia simu chenye chaja mbili za gari zenye ubora kitahudumia laptopu za wanafunzi, siyo simu peke yake, na hiyo ni biashara mpya kabisa.

Tangu kwacha iliposhushwa kwa asilimia 44 Novemba 2023, kitu cha kutoka nje hakinunuliwi mara mbili. Kwa nyumba yenye laptopu moja na simu mbili au tatu, hukumu yangu ni wati 65, matundu matatu, pini zetu tatu. Kwa laptopu mbili, panda hadi wati 100. Ukifika Tsoka, igeuze, usome, uijaribu na laptopu yako, na kama volti 20 haimo kwenye orodha, usitoe pesa.