"Muteja wetu mupendwa": tusome vizuri mesaje za Bonane

Wenzangu wahitimu, kila mwaka toka Noeli mupaka Bonane telefone zetu zinajaa. Anayeuza simenti, anayeuza mbegu, hata yule tulinunua kwake mara moja tu, wote wanatuma mesaje ileile. Wengi kati yetu tuko na duka ndogo ao tunashauri wakulima, na tunataka wateja wa zamani wasitusahau. Njo maana ninaomba tuisome hii mesaje neno kwa neno, kama maandishi mengine.

"Muteja wetu mupendwa, asante kwa uaminifu wako. Tunakutakia mwaka wa mafanikio." Juu kuna picha ya fataki, chini kuna bei.

Mupendwa gani hana jina? Na uaminifu gani? Mutu alinunua kilo mbili za mbegu, hakurudi tena. Afazali umuulize kama zile mbegu ziliota. Fataki nayo, huku Goma, mulio wa usiku haumukumbushe mutu sikukuu. Halafu bei: ikiingia tu, salamu inageuka matangazo, na aliyesoma anajua aliitiwa nini.

Lakini lawama yangu kubwa ni ingine. Hii mesaje haijue anayeipokea yuko hali gani. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama hapa karibu kabisa na bandari ya Kituku. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, watu na mizigo yao wakajaa mu mashua. Wengine mule walikuwa wachuuzi, ni kusema wateja wa mutu fulani hapa mujini. Hata miezi tatu haikutimia, Bonane ikafika. Ufikiri "mwaka wa mafanikio" inaingia mu telefone ambayo sasa inashikwa na mujane. Aliyetuma hakutaka kumuumiza. Hakumufikiri tu. Kisha, mwisho wa Januari 2025, vita ikaingia mu mji wenyewe, benki zikafunga, watu wengi wakahama. Orodha ya namba ya 2023 haisemi tena nani yuko wapi.

Muende musikilize wamama wa soko ya Kituku. Mama haandike kitu, lakini ukirudi kisha miezi anakuuliza: "Yale mananasi ya siku ile yalikuwa matamu? Mutoto alipona?" Anakuongezea moja, matabishi. Bei inakuja nyuma. Ile njo salamu, maana haiwezi kupewa mutu mwingine.

Mutu atasema: niko na wateja mia tatu, nitaandikia kila mutu saa ngapi? Haina lazima. Chagua kumi na tano unaowajua kweli. Sisi wa kilimo tuko na bahati: Bonane inaangukia mavuno ya musimu A, maharagwe yaliyopandwa Septemba yanatoka shambani, na musimu B haujaanza. Basi swali liko tayari: "Papa, Bonane njema. Yale maharagwe ya kupanda juu ya miti yalizaa namna gani?" Inatosha. Kama anahitaji mbegu za musimu B, ataomba mwenyewe. Muteja Muislamu, umungojee Idi yake.

Na ushike daftari: jina, alipanda nini, mwezi gani, jirani yake ni nani. Mutu akikaa kimya muda murefu, uulize jirani kwanza. Ukisikia kuna musiba, andika pole, usiandike Bonane. Ukisikia alihama, muulize kule alifika kuna shamba. Pengine hatanunua tena kwako, na salamu yake bado ni haki yake.