Maneno Yaliyozikwa Hattusa

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Uria Mhiti, askari wa Mfalme Daudi, lakini karne ya 20 ilipoingia lugha ya Wahiti wa kale ilikuwa bado kitendawili. Mwaka 1906 Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuchimba Boğazköy, mashariki ya Ankara nchini Uturuki, na magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, yakatoa maelfu ya vipande vya mabamba ya udongo. Mwandiko wake ulikuwa wa kikabari, ambao wataalamu walikwisha kuuzoea katika lugha ya Kiakadi. Maneno yaliweza kutamkwa, ila maana haikupatikana. Mcheki Bedřich Hrozný alipata upenyo mwaka 1915. Katika sentensi moja aliiona alama ya Kisumeri NINDA, yaani mkate, akawaza kwamba penye mkate hapakosi habari ya kula. Kitenzi kilichofuata, ezzatteni, kilikaribiana na edo ya Kilatini, ninakula. Kisha likaja neno watar, ambalo Mwingereza hahitaji mkalimani kuambiwa kuwa ni maji. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na kwa maoni yangu husimuliwa vibaya, kana kwamba ustadi wote ulikuwa katika kuona mfanano. Kuona mfanano ni kazi nyepesi. Heshima ya fani ya kufuatilia asili ya maneno imo katika kukataa kuridhika nao.

Mpinzani ana hoja nzito hapa. Kata yetu inafanana kwa sauti na kwa maana na cut ya Kiingereza, na Kiarabu nacho kina qata'a, ilhali neno letu ni la Kibantu halisi: wasemaji wa Kilingala, mbali kabisa na pwani, husema kokata. Ikiwa bahati inaweza kuzaa pacha kama hao, kwa nini watar isiwe mtoto wa bahati? Mnorwe Jørgen Knudtzon alidai mwaka 1902 kwamba barua mbili zilizopatikana Amarna, Misri, zilizoandikwa kwa lugha hiyohiyo ya Kihiti, zilikuwa za lugha ya ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ukoo wa Kilatini na Kiingereza. Alipingwa hadi akalegeza msimamo, na waliompinga walikuwa na haki yao, kwa kuwa ushahidi ulikuwa kiduchu. Jibu lilikuja pale mabamba ya Hattusa yalipoonyesha neno likibadilika umbo. Mhiti akitaka kusema “ya maji”, r ya watar inatoweka na n inashika nafasi yake: wetenas. Pahhur, moto, linakuwa pahhuenas. Eshar, damu, linakuwa eshanas. Badiliko hili la r na n halina sababu ya kimaana, wala hakuna kinachowalazimisha binadamu kulibuni. Lakini Kilatini kimehifadhi mabaki yake katika femur, paja, ambalo hugeuka feminis. Na Kisanskriti, huko India, kina asrk, damu, ambalo nalo hugeuka asnas. Neno zima laweza kuazimwa na wafanyabiashara wa misafara. Kasoro ya kisarufi kama hii, katika neno lilelile la damu, haiazimwi, hurithiwa. Ndiyo maana mstadi wa fani hii huipita mifanano mizuri akaenda kukaa na maneno yenye tabia ya ajabu.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ulitangulia uchimbaji. Mswisi Ferdinand de Saussure, akiwa na umri wa miaka 21, alichapisha kitabu chenye tarehe ya 1879 kuhusu irabu za lugha mama ya ukoo huo. Kwa kupanga mabadiliko ya irabu tu, alihitimisha kwamba zamani palikuwa na sauti fulani ambazo zilikwisha kupotea katika kila lugha iliyojulikana, zikiacha irabu ndefu nyuma yake. Wengi waliona ni hesabu za karatasini. Saussure alifariki mwaka 1913. Mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba h ya Kihiti inasimama palepale ambapo baadhi ya sauti hizo zilitakiwa. Chukua pasta wa makanisa ya Kenya: neno limetufikia kwa Kiingereza kutoka pastor ya Kilatini, mchungaji wa mifugo, ambayo a yake ni ndefu. Kihiti kina pahs-, kulinda, la mzizi huohuo, na h imo ndani yake, imechongwa kwenye udongo. Anayesema kwamba wanaisimu hushona nadharia baada ya kuona kitambaa hana la kujibu hapa, maana kitabu kilitoka miaka 27 kabla ya uchimbaji kuanza. Ni kweli kwamba mahali pengine palipotarajiwa sauti ya kale Kihiti nacho kiko kimya, na idadi ya sauti hizo imejadiliwa kwa miongo mingi. Nadharia inayokubali kuhojiwa hivyo naiamini zaidi.

Vizuizi vipo, tena vikubwa. Karani aliyeandika NINDA alituachia maana akatuficha matamshi, na maneno mengine ya Kihiti yametoka kwa Wahati waliotangulia nchini humo, kama halmasuitt-, kiti cha enzi. Kamusi ya Kihiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1975, inakwenda polepole kwa sababu kila neno hupimwa katika kila bamba linamoonekana. Wapo wanaouliza faida ya jasho lote hilo kwa watu waliokwisha kutoweka. Kwangu mimi, kumrudishia mtu wa miaka 3,200 iliyopita neno lake la maji, pamoja na kasoro zake, ni haki anayodai. Na kazi bado inaendelea: mwaka 2023 ilitangazwa kwamba Boğazköy imetoa bamba la ibada ambamo karani anaeleza, kwa Kihiti, kwamba maneno yanayofuata ni ya nchi ya Kalasma. Lugha hiyo haikuwa imejulikana kabla ya hapo. Ilitambuliwa kuwa ya jamii ya Anatolia, ambamo Kihiti nacho kimo, ilhali maana ya maandishi yenyewe ilikuwa bado haijaeleweka, na sasa inalinganishwa na ndugu zake, sauti kwa sauti.