Kosa Lina Nyayo

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, aliingia katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, kutafuta fuvu la mtu mmoja. Humo mlikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ilikuwa imeitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, na zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita bila fuvu kuonekana. Twining alianza kwa kuuliza ni yapi yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakabaki 84. Katika hayo akatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa ukoo wa Mkwawa waliokuwa hai. Kisha akatafuta tundu la risasi, maana Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe. Likabaki moja. Lilirudishwa mwaka 1954, na liko Kalenga, karibu na hapa Iringa mjini.

Nafundisha kompyuta, na kisa hiki hukisimulia darasani kabla sijaandika ubaoni mstari wowote wa programu. Husimulia na upande wake wa pili, kwamba wapo watafiti wanaotilia shaka kama ndilo fuvu lenyewe. Shaka hiyo haimpunguzii Mtwa heshima yake, wala Wahehe waliolingoja kwa zaidi ya nusu karne. Vigezo vitatu vikikutana mahali pamoja tunapata mshukiwa mzito. Kumhukumu kunataka zaidi ya hapo. Kutoka kwenye tuhuma hadi kwenye hukumu kuna safari, na safari hiyo ndiyo ufundi ninaoupenda kuliko yote katika kazi yangu: kusaka makosa katika programu za tovuti.

Wanaonifahamu hushangaa mwalimu anayeshinda na programu mchana anapata wapi hamu ya kukesha na tamthilia za upelelezi. Kwangu ni kazi moja. Na inaniuma kuona ufundi huu hausifiwi. Mwanafunzi ambaye ukurasa wake umefunguka mara ya kwanza hupigiwa makofi, na yule aliyekesha akitafuta mkato mmoja uliopotea huonekana mzito wa kuelewa. Huyo wa pili ndiye ninayemwamini zaidi, kwa sababu amejifunza kusoma kilichoandikwa na kuacha kusoma alichodhani ameandika.

Kundi moja la wanafunzi lilitengeneza tovuti ya kumbukumbu za kwaya: jina, sauti anayoimba mtu, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Kila asubuhi programu ilitakiwa kumtumia salamu aliyezaliwa siku hiyo. Salamu zikawa zinafika siku moja kabla, tena si kwa wote. Mwimbaji wa besi aliyezaliwa Januari mosi alipongezwa Desemba 31, na ukimtazama kwenye orodha, mwaka wake wa kuzaliwa nao ulikuwa umerudi nyuma.

Tuhuma zilianza papo hapo. Mmoja akasema ni mtandao. Mwingine akasema ni virusi. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akasema mama katibu wa kwaya hajazoea kompyuta, huenda anabonyeza vibaya. Hapo nikawazuia. Mtu mzima aliyekaa akajaza majina ya wenzake kwa uangalifu hatuhumiwi kwa ajili ya umri wake. Nikawauliza swali ambalo mpelelezi yeyote angeanza nalo: ni wapi tarehe hii ilionekana mara ya mwisho ikiwa nzima?

Tarehe husafiri. Hutoka kidoleni mwa anayejaza fomu, hupita kwenye kivinjari, huvuka mtandao, hupokewa na seva, huhifadhiwa, kisha hurudi hadi kwenye kioo cha simu ya mtu. Kila kituo kinakaguliwa. Tukafungua sehemu ya kivinjari inayoonyesha kila kinachotoka na kuingia, tukamjaza mwanakwaya wa majaribio aliyezaliwa tarehe 12 Machi 2004. Kwenye fomu ilisomeka 12. Kwenye ujumbe ulioondoka kwenda kwa seva ilisomeka 11 Machi, saa 21:00. Seva ilikuwa haijagusa kitu. Mtandao ulikuwa haujagusa kitu. Tarehe iliharibika kabla haijatoka mlangoni.

Basi tukabaki na ile 21:00, yaani saa tatu za usiku. Kwa nini saa hiyo na si nyingine? Binti aliyekaa nyuma ndiye aliyeunganisha: kutoka hapo hadi siku mpya kuanza zimebaki saa tatu, na Tanzania iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Mtu akichagua siku kwenye kalenda ya fomu, JavaScript, lugha iliyoandikiwa programu ile, ilikuwa inatengeneza saa sita kamili usiku kwa majira ya kwetu. Ikiamriwa kuiandika kwa majira ya Greenwich, inarudi nyuma saa tatu, na siku inabadilika. Kisha programu inatupa saa na kubakiza tarehe, ambayo tayari ni ya jana.

Wengi wangeshangilia na kwenda kunywa chai. Mimi hapo ndipo ninapowabana, kwa sababu mshukiwa akipatikana lazima aeleze na waliosalimika. Mbona wanakwaya wengine walipata salamu kwa siku yao? Ikaonekana hao waliingizwa na mtu aliyechapa tarehe kwa mkono, akianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na JavaScript ikipewa tarehe tupu kwa mpangilio huo huihesabu kuwa ya Greenwich tangu mwanzo, kwa hiyo haina pa kurudi nyuma. Na yule kijana aliyeapa kwamba kwake kila kitu kiko sawa? Laptopu yake ilikuwa imewekwa majira ya London, na tarehe aliyoijaribia ilikuwa ya mwezi Januari, wakati London na Greenwich husoma saa ile ile. Kila ushahidi ukakaa mahali pake. Tiba ikawa fupi: siku ya kuzaliwa ihifadhiwe kama siku, mwezi na mwaka, isifungwe kwenye saa. Mama katibu akaambiwa kwamba tarehe zake zote alizijaza sawasawa, akafurahi, na ilikuwa haki yake kuambiwa.

Siilaumu JavaScript. Brendan Eich alitengeneza toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwezi Mei 1995, na mpaka leo ndani yake Januari ni mwezi wa 0. Lugha iliyozaliwa kwa haraka namna hiyo ina mafumbo mengi, lakini inayafuata bila kubadilika badilika, na mtu akiyajua yatamsaidia. Hata namba ambazo seva hujibu zina adabu ya shahidi mzuri. Jibu linaloanza na 4 linaelekeza macho kwa aliyeomba: 404 kaomba kisichokuwepo, 403 kaomba asichoruhusiwa. Linaloanza na 5 linaelekeza kwa seva yenyewe. Mwanafunzi akiniambia "tovuti haifunguki," humuuliza kwanza imejibu namba gani. Aliyepata 404 amefika kwa seva na akajibiwa, kwa hiyo malalamiko yake juu ya mtandao yanaishia hapo.

Kule kuuliza habari za waliosalimika nilikuokota kwa Sherlock Holmes. Katika hadithi ya Conan Doyle ya mwaka 1892 kuhusu farasi aliyetoweka, ushahidi mkubwa ni mbwa ambaye usiku ule hakubweka. Jeremy Brett alimwigiza Holmes kwenye televisheni ya Uingereza kuanzia 1984 hadi 1994, na sijaona mwigizaji mwingine anayesikiliza kwa macho namna ile. Columbo, mpelelezi wa tamthilia ya Marekani, ananifaa zaidi darasani. Karibu kila mara mwuaji tunamwona dakika za mwanzo, hivyo swali la nani linaondoka mapema, linabaki la vipi. Peter Falk, anayemwigiza, ndani ya koti lake lililokunjamana, anasumbuliwa na kitu kidogo kisichokaa sawa na hawezi kukiacha. Mtu asiyeweza kuacha kitu kidogo kisichokaa sawa atakuwa mwandishi mzuri wa programu.

Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, na huku Bara ilitubidi tungoje hadi 1994. Wapelelezi wetu kwa hiyo walizaliwa vitabuni. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Napenda kuamini kwamba ukaguzi wa afya ulimnoa. Bwana Msa hukaa na kiko chake na kufikiri, na Najum, sahibu yake, huuliza yale ambayo msomaji angeuliza. Wakiwa wawili hivyo, mmoja hulazimika kueleza kwa sauti, na kueleza kwa sauti kumenifichulia makosa mengi ambayo macho peke yake yalikuwa yameyaruka. Ndiyo maana wanafunzi wangu husaka makosa wawili wawili. Bwana Msa na Najum wanastahili mfululizo wa televisheni wa Kiswahili uliotengenezwa kwa uangalifu, na ningekuwa mtazamaji wake wa kwanza.

Iringa ina historia yake katika kufundisha kompyuta. Mwaka 2007 chuo cha Tumaini cha hapa, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulifika Julai 2009. Walioianzisha shahada ile walishikilia kwamba elimu ya kompyuta ianzie kwenye mazingira ya mwanafunzi na matatizo ya watu anaoishi nao. Naona walikuwa sahihi, na tarehe za kwaya zinawatetea. Kosa lile lisingeonekana Accra, kwa kuwa Ghana hufuata majira ya Greenwich mwaka mzima. Mwandishi wa kitabu aliyekaa huko angejaribu programu ile ile, akaiona nzima, akaichapa. Ni sisi tulio mashariki tunaoletewa salamu za jana, na ni sisi tunaopaswa kuwafundisha vijana wetu kuzifuatilia hadi zilikotoka.

Mitihani mingi ya programu bado inamtaka mwanafunzi aandike kutoka kichwani, kwenye karatasi, programu ambayo haijawahi kuharibika. Mwalimu mwenzangu, muhula ujao mpe ukurasa ulioharibika. Mwache autazame, akusanye ushahidi, aandike alimshuku nani na kwa nini alimwachia, na nusu ya alama zitoke kwenye maelezo hayo.