Kifungo Kilicho Mgongoni: Istiara na Ashiki katika Sanamu ya Maillol

Istiara hudai kusomwa mara mbili: kwanza kwa kile kinachoonekana, kisha kwa kile kinachokusudiwa. Inapoutumia mwili wa binadamu, usomaji wa kwanza huweza kuumeza ule wa pili. Hatari hiyo inadhihirika katika L'Action enchaînée, yaani "Tendo Lililofungwa Minyororo", sanamu ya shaba nyeusi ya Mfaransa Aristide Maillol (1861-1944). Mwaka 1905 Maillol aliagizwa kutengeneza mnara wa kumkumbuka Louis-Auguste Blanqui (1805-1881), mwanamapinduzi aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 30. Badala ya sura ya Blanqui, mji alikozaliwa, Puget-Théniers, ulipata mwanamke mnene aliye uchi, anayepiga hatua ilhali mikono yake imefungwa mgongoni.

Chimbuko mojawapo la uteuzi huo ni lugha. Katika Kifaransa, nomino zinazotaja tendo, uhuru na jamhuri ni za jinsia ya kike. Sarufi huiandaa tashihisi kabla msanii hajashika udongo. Msomaji wa Kiswahili hana daraja hilo, kwani ngeli za "tendo" na "uhuru" hazibagui mume na mke. Kwake, mwili wa kike ni uamuzi unaopaswa kutetewa. Hata hivyo, ana faida nyingine: neno "kifungo" humletea kamba na gereza kwa pamoja.

Utetezi wenyewe umo katika fani. Asimamaye mbele ya sanamu haoni mafungo; huona kifua, tumbo na mapaja. Lakini huona pia kiwiliwili kilichojipinda na kichwa kilichogeuzwa upande, mambo yasiyo ya kawaida kwa msanii aliyejulikana kwa miili tulivu. Ili aipate sababu ya mpindo huo, sharti azunguke nyuma. Kwa hiyo, ashiki ndiyo inayomwongoza mtazamaji hadi kwenye kifungo. Maana haikubandikwa juu ya mwili. Imo katika misuli.

Walakini, Maillol alikitoa pia kiwiliwili hicho peke yake, bila kichwa wala mikono. Hapo kifungo kimeondoka pamoja na mikono. Mpindo umesalia, ila sababu yake haipo, na mtazamaji asiyelijua jina la kazi hubakiwa na uzuri mtupu. Blanqui, ambaye alikwisha kunyimwa uso, sasa amenyimwa hata minyororo yake.

Si haki, basi, kudai kwamba ashiki ni adui wa istiara. Huitumikia vyema maadamu kizuizi kingalipo cha kuipa mwili sababu ya kujipinda. Pasipo kizuizi hicho, mateso ya mfungwa hugeuka pambo, na mwanamke aliyeazimwa ili ayabebe hubaki akitazamwa tu, bila kusomwa.