Kijivu Hakifichi Mshono

Marani ni mahali pagumu kwa mtu anayependa nguo za rangi tulivu. Udongo wa vilima hivi vya Kitutu Chache ni mwekundu, mvua haina uchoyo, na anayeshuka kutoka shambani hadi barabarani hufika na alama yake kwenye pindo la suruali. Chai na migomba imejaa kila upande, na baada ya mvua kijani chake hukolea hivi kwamba shati jeupe likipita katikati yake huonekana toka ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana nawaheshimu wanaovaa kijivu, kaki, kahawia, nyeusi na rangi ya maziwa hapa, na nawaheshimu zaidi wanaowachagulia na kuwashonea.

Wengi hudhani rangi hizi ni za mtu asiyetaka kujisumbua. Mimi naona kinyume chake. Gauni la maua mekundu na manjano husamehe mengi: jicho huenda kwenye maua, wala halifiki kwenye bega lililokaa vibaya. Gauni la kijivu halina pa kujificha. Kola ikilegea inaonekana. Mshono ukienda upogo unaonekana. Ukiiondoa rangi kali, kinachobaki ni mkato, kitambaa, usafi na namna nguo inavyoukaa mwili, na hayo yote yanahitaji mtu anayeijua kazi yake.

Kazi yenyewe huanza kwa mama wa mitumba. Robota likifunguliwa, kila mtu hukimbilia kamera, zile nguo za daraja la kwanza, na mara nyingi zinazonyakuliwa mwanzo ni zenye kung'aa. Muuzaji ninayependa kumtazama huziachia hizo mikono mingine, akaanza kuchambua zilizobaki kimya kimya. Kibanda chake kina turubai la buluu, naye anajua turubai hilo hudanganya: kijivu kikiwa chini yake huingiwa na ubuluu, na rangi ya maziwa hujifanya nyeupe. "Mwalimu, toka nayo nje kwanza," humwambia mteja, hata kama mteja ameshatoa pesa. Na hupenda waje asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajapanda na kuufifiza mwanga.

Nje, huigeuza sketi upande wa ndani, akafungua mshono kwa vidole viwili pale ambapo jua na sabuni havikufika, akalinganisha na upande wa nje. Tofauti ikiwa ndogo, nguo bado ina maisha. Ikiwa kubwa, huirudisha kwenye rundo bila kuisifu, na hilo kwa mfanyabiashara si jambo dogo. Kisha huja jaribio la nyeusi. Huchukua koti jeusi na sketi nyeusi, ambazo mimi na wewe tungeapa zinalingana, akazilaza pamoja juani. "Hizi si za mama mmoja," husema. Na kweli, ukitulia unaona: moja inavuta wekundu, nyingine inavuta kijani, kwa sababu rangi zilizotiwa kiwandani hazikuwa zile zile na kila moja imepauka kwa njia yake. Mtu akizivaa pamoja ataonekana kama aliyevaa gizani. Dawa yake si kutafuta nyeusi nyingine, ni kuweka kaki au kahawia kati yao.

Jicho la namna hii lina ndugu zake katika kaunti hii ya Kisii. Huko Tabaka, wachongaji wa jiwe la Kisii hufanya kazi na weupe wa aina nyingi, rangi ya maziwa, waridi hafifu na kijivu kinachokaribia weusi, wakati mwingine ndani ya kipande kimoja. Jiwe likisuguliwa kwa msasa na maji, vumbi huondoka na rangi iliyolala chini yake hujitokeza, na mchongaji huamua mshipa wa kijivu upite wapi kwenye shingo ya twiga au ukingo wa sahani. Mtu aliyekulia karibu na mawe hayo hawezi kukuambia kwamba nyeupe ni moja.

Lakini ustadi mkubwa kabisa nauona kwa fundi wa kaunda suti. Suti hii iliyobeba jina la Kenneth Kaunda wa Zambia imevaliwa na walimu, machifu na wazee wa kanisa kwa miongo mingi, na hata Spika Moses Wetang'ula alipoipiga marufuku katika Bunge la Kitaifa mnamo Novemba 2023, huku vijijini haikutikisika. Haina tai wala haihitaji shati la kuonyesha. Ni kitambaa kimoja, mara nyingi kijivu, kaki au buluu iliyokoza, kutoka kola hadi kiatu. Kwa hiyo fundi hukata koti na suruali kutoka jora moja, kwa maana majora mawili ya rangi moja huweza kutofautiana kidogo. Vitambaa vingi vya sufu vina vinyweleo vilivyolalia upande mmoja, na mwanga huviona. Mkono wa koti ukikatwa kichwa chini ili kubana kitambaa, mwenye suti atatembea na mkono wa kijivu kingine. Kwenye kitenge hakuna ambaye angegundua.

Uzi nao. Ukiwa bado umezungushwa huonekana umekoza, ukishashonwa hupungua. Fundi hufungua urefu wa kiganja, akaulaza juu ya kitambaa, akarudi hatua moja nyuma. Akikosa unaolingana kabisa huchukua uliokoza kidogo, kamwe si uliopauka, kwani mshono uliopauka juu ya kijivu humeremeta na kila mchomo wa sindano huhesabika.

Upande wa mvaaji, siri ni shingoni. Kahawia inayokaribia rangi ya ngozi ikifika hadi kidevuni huufanya uso uzame ndani ya nguo. Wanawake wanaojua huweka kola ya maziwa hapo katikati, au skafu nyeusi, na uso hurudi mahali pake. Kisha huchanganya vitambaa badala ya rangi: sweta nene la sufu juu ya sketi laini, kitani kilichokunjamana kidogo pamoja na ngozi ya mkanda.

Kwa Waadventista, ambao ni wengi hapa, Ijumaa ndiyo siku ya kuandaa nguo hizi kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Nyeupe huanikwa juani. Nyeusi hugeuzwa ndani nje na kuwekwa kivulini. Sufu haiguswi na blichi ya klorini, ingegeuka manjano. Pasi hupita juu ya kitambaa chenye unyevu, la sivyo viwiko vya koti vitang'aa. Matope mekundu hayasuguliwi yakiwa mabichi, huachwa yakauke, yakapigwa brashi, ndipo maji baridi yakaja. Na ukiligeuza pindo la suruali iliyoshonwa na fundi mzuri, utakuta utepe mwembamba wa rangi ile ile umeshonewa kwa ndani pale kisigino kinaposugua. Utepe ukilika, fundi huutoa na kutia mwingine, na suruali huendelea kuvaliwa.