Kukuza Bila Kuharibu: Sifa ya Golf GTI ya Pili

Wapenzi wa Golf GTI wakikutana, hawaulizani kama gari hilo ni zuri. Hilo lilikwisha kuamuliwa zamani. Wanachobishania ni kizazi gani, kati ya vinane, kilicho bora, na hapo ndipo sauti hupanda. Kila mmoja huja na kipimo chake: huyu anahesabu nguvu za farasi, yule anahesabu kilo, mwingine anatetea gari ambalo baba yake alimpelekea shule. Mimi napima kwa ufundi, na ufundi ninaousifu ni ule ambao naona ni mgumu kuliko kubuni: kuchukua kitu kilichokwisha kupendwa, ukakikuza, na kisiharibike. Kwa kipimo hicho jibu langu ni kizazi cha pili. Ila siwezi kukitetea kabla sijakipa cha kwanza haki yake.

Mwaka 1973 Alfons Löwenberg, mhandisi wa majaribio wa Volkswagen huko Wolfsburg, aliwaandikia wenzake kupendekeza kwamba kampuni itengeneze gari la kweli la michezo. Golf yenyewe ilikuwa haijatoka, na kampuni ilikuwa inaelekea kwenye hasara kubwa ya 1974. Wachache tu waliitika, miongoni mwao Anton Konrad, aliyekuwa mkuu wa habari. Wakaifanya kazi hiyo kimyakimya, bila idhini ya wakubwa, mpaka 1975 gari lilipokubaliwa na kuonyeshwa Frankfurt. Mpango ulikuwa kutengeneza magari 5,000 basi. Kizazi hicho cha kwanza kilikuja kuuzwa zaidi ya 460,000.

Walichofanya kilikuwa kidogo, na udogo huo ndio ulioleta mafanikio. Bodi ya Giorgetto Giugiaro, yenye mistari iliyonyooka na pembe kali, hawakuigusa isipokuwa kwa mambo machache: mstari mwembamba mwekundu kuzunguka grili, ukingo mweusi kwenye kioo cha nyuma, na springi zilizoliteremsha gari karibu zaidi na barabara. Ndani wakatia injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, kwenye gari lenye uzito wa kilo 810 hivi. Petroli iliingizwa kwa mtambo wa Bosch uitwao K-Jetronic, ambao bado naona ni moja ya kazi safi kabisa zilizowahi kufungwa chini ya boneti. Hauna kompyuta. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya mviringo. Mkono wa sahani husukuma pini ndani ya kigawa mafuta. Pini ikipanda hufungua matundu membamba, na nozeli hunyunyiza petroli mfululizo bila kukatika. Hewa ikizidi, petroli huzidi, chuma kikisukuma chuma. Fundi mwenye geji ya presha na subira anaweza kuufuatilia toka mwanzo hadi mwisho na kuona kwa macho yake mahali ulipokosea.

Halafu yupo Gunhild Liljequist. Alisomea uchoraji wa vyombo vya kauri, kisha akaajiriwa na Volkswagen kwenye idara ya vitambaa na rangi, mwanamke kati ya wahandisi. Ni yeye aliyechagua kitambaa cha mirabaraba cha viti, wazo alilolipata katika safari zake za Uingereza, na ni yeye aliyependekeza kichwa cha gia kiwe mpira wa gofu. Mirabaraba hiyo ilipotea katika baadhi ya vizazi vya baadaye, na iliporudi watu walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia injini. Ninamtaja kwa sababu mabishano ya vizazi husahau kwamba mwanadamu hukaa kwenye kiti na kushika gia kila siku, wakati mwendo wa mwisho wa gari anaweza asiuguse hata mara moja maishani.

Wanaokitetea kizazi cha kwanza, basi, wana hoja nzito, na barani Afrika wana nyongeza. Kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, kiliendelea kutengeneza umbo lile la kwanza kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 hadi 2009, miaka mingi baada ya Wajerumani kuliacha. Gari linalodumu sokoni muda wote huo halikubebwa na kumbukumbu peke yake.

Lakini tusidanganyane kuhusu breki. Gari lilibuniwa kwa usukani wa kushoto. Lilipogeuzwa kwa nchi za usukani wa kulia, mtambo wa kuongezea nguvu za breki uliachwa upande ule ule wa kushoto, na pedali ikaunganishwa nao kwa fito linalokatiza mbele ya dereva na abiria. Fito lile hupinda kidogo kabla halijafanya kazi. Mguu unakanyaga, gari linafikiria. Kwetu Afrika Mashariki, ambako usukani uko kulia, hilo si dosari ya pembeni. Kwenye barabara yenye kona, malori na mbuzi wanaovuka, ni swali la kwanza.

Kizazi cha pili kilitoka 1983, na GTI yake ikafuata 1984. Kazi waliyopewa mafundi ilikuwa ya hatari. Familia zilitaka nafasi zaidi, tangi kubwa zaidi, ukimya zaidi. Waliokwisha kuipenda GTI hawakutaka hata nati moja iguswe. Kampuni nyingi zikifika hapo huongeza urefu, huongeza uzito, kisha hufunika makosa kwa injini kubwa. Wao walifanya kama mshonaji anayeongeza upana wa kanzu huku akilinda mwanguko wa kitambaa. Gari lilirefuka na kupanuka, lakini uzito ulipanda kwa kilo mia moja na ushei tu. Kipimo cha jinsi hewa inavyolizuia kilishuka kutoka 0.42 hadi 0.34, ijapokuwa ukilitazama unaona bado ni kisanduku. Breki za diski zikawekwa magurudumu yote manne.

Kazi inayonifurahisha kuliko zote haionekani mpaka ulale chini ya gari. Ekseli ya nyuma ni boriti moja ya chuma inayokubali kusokotwa, rahisi na ya bei nafuu, ileile ya kizazi cha kwanza kwa asili. Ukiingia kona kwa kasi, nguvu za pembeni huivuta boriti hiyo na kutaka kuyaelekeza magurudumu ya nyuma nje ya kona. Mafundi hawakuitupa. Walibadilisha bushi zake za mpira, wakaziunda na kuziweka kwa mshazari ili nguvu ileile iliyokuwa inaipotosha ekseli sasa iirekebishe. Dereva hajui lolote kuhusu mpira huo. Anachojua ni kwamba gari limeshika kona, gurudumu la nyuma la ndani limeinuka kidogo hewani kama ilivyo desturi ya Golf, na moyo wake haukuruka.

Wenye kizazi cha tatu watanisamehe nikiwapita haraka: tani moja na zaidi kwa nguvu za farasi 115 ilikuwa ni kusahau gari lilitoka wapi. Cha nne kilikuwa na dashibodi iliyotengenezwa vizuri ajabu, na bodi iliyokingwa kutu kwa uangalifu mkubwa. Kona zilikuwa habari nyingine.

Ubishi wa kweli, hasa Nairobi, uko kati ya cha tano, cha sita na cha saba. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo zilizofika kwa wingi kutoka Japani na Uingereza ni hizi mpya. Sidharau hata moja. Cha tano, cha 2004, kilikuwa toba: injini ya lita 2 yenye turbo na farasi 200, ekseli ya nyuma ambayo kila gurudumu lina uhuru wake, na mirabaraba ikarudi. Cha saba kiliongeza, kwa walioagiza, kufuli ya difu inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele. Mwaka 2016 gari 400 za Clubsport S, zisizo na kiti cha nyuma, zilitolewa, na moja yao ikauzunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 49.21. Ni kazi kubwa, naikubali. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo imefungiwa ndani ya kompyuta, na mwenye gari hubaki mgeni wa gari lake. Kizazi cha nane kilizidi pale kilipoficha hata kidhibiti cha sauti chini ya sehemu ya kupapasa isiyo na taa usiku. Vitufe vya kubonyeza vilirudi kwenye usukani 2024, na sijamsikia aliyelalamika.

Ndani ya nyumba ya kizazi cha pili pia hakuna amani. Wengi wanataka injini ya vali 16, farasi 139, na wanayo hoja ya Afrika: kwa GTI ya vali 16 Kenneth Eriksson alishinda mbio za dunia za Côte d'Ivoire mwaka 1987, kwenye vumbi na mashimo, dhidi ya magari yenye nguvu kuliko lake. Mimi ni wa vali 8. Ya 16 hutoa nguvu zake zote injini ikikaribia mizunguko 6,100 kwa dakika, nawe lazima uikimbize huko na kuishikilia. Ya 8 ina farasi 112 tu, lakini inavuta tangu chini, ukiwa gia ya tatu nyuma ya basi, mlima ukiwa ndio unaanza. Unakanyaga, sahani ile ya K-Jetronic inainuka, na gari linaondoka papo hapo.