Kete 22 Mkononi: Jinsi Bao la Kiswahili Linavyolizidi Bao la Kujifunza

Atakaye kujua namna mchezo wa vita unavyoweza kufanywa upya bila kuongezewa hata askari mmoja, wala uwanja wa mapigano kupanuliwa hata shubiri moja, hana haja ya kwenda mbali kuliko baraza mojawapo la Tabora ambapo wazee huketi alasiri kucheza bao. Kwani juu ya ubao ule ule wenye safu 4 za mashimo manane manane, na kwa kete zile zile 64, huchezwa michezo miwili, mmoja wa wanagenzi na mwingine wa mafundi, nayo haina daraja moja kabisa.

Bao la kujifunza, ambalo ndilo hutangulia, huanza na jeshi lililokwisha kupangwa: kila mchezaji ana safu zake 2, kila shimo lina kete 2, na hakuna kete hata moja iliyobaki nje ya ubao. Ndivyo waanzavyo pia wachezaji wa hawalis huko Omani, ijapokuwa safu zao zina mashimo saba saba. Fadhila ya mpango huu ni kwamba mwanafunzi huzoea upesi kuhesabu, kusambaza kete, na kula shimo la adui linalokabiliana na lake. Lakini maadamu safu ya mbele ya adui imejaa tangu mwanzo, anayetangulia hakosi cha kula, na mkono wake wa kwanza waweza kuzunguka na kuendelea kula kabla mwenziwe hajapata nafasi ya kudhihirisha rai yake. Mchezo huu humpima mtu hesabu, na humpima barabara. Subira haumwulizi kabisa.

Bao la Kiswahili limeondoa kasoro hiyo kwa tendo moja la ujasiri, nalo ni kuliondoa jeshi uwanjani. Kila upande huweka kete 10 tu: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba katika safu ya mbele, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kuumeni kwake. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, nazo huingizwa moja moja, zamu kwa zamu, katika awamu iitwayo namua. Na kila kete sharti iwekwe katika shimo la mbele lenye kete tayari. Ikiwa shimo la adui linalolikabili lina kitu, huliwa, na kilicholiwa husambazwa kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ama la kulia ama la kushoto. Kilicholiwa katikati humpa mchezaji hiari ya kuchagua upande. Kilicholiwa kwenye kichwa au kimbi, mashimo mawili ya ukingoni, hakina hiari, huanzia kichwa kilicho karibu. Hapo ndipo fundi huonekana, kwa sababu anajua ni shimo gani la adui litakalomfungulia njia mbili na ni lipi litakalomburuta asikotaka.

Tena kula ni faradhi. Mwenye nafasi ya kula hawezi kuikataa, na kwa hiyo mchezaji mahiri humtegea mwenziwe chambo cha kete chache, akijua kwamba atalazimika kukichukua na kuacha mahali fulani wazi. Katika bao la kujifunza sheria hii ipo pia, ila chambo hupotea katika wingi wa kete; katika namua, ambapo ubao una nafasi na kila kete inayoingia inaonekana, sheria hiyo hiyo imekuwa silaha.

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Maadamu haijaliwa wala kuvunjwa na mwenyewe, ina haki zake: katika mkono wa kula, kete ya mwisho ikiangukia humo na pasiwe na cha kula mbele yake, mwenye nyumba ana hiari ya kulala, yaani kusimama hapo, au kwenda safari, yaani kuzitoa kete zote na kuendelea kusambaza. Akilala mara nyingi, hazina hunenepa na adui huitamani; akisafiri mapema, hupoteza haki zote za nyumba kwa faida ambayo huenda ikawa ndogo. Nimewaona mafundi wakitafakari uamuzi huu kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote, na naamini wanafanya haki. Kete za mkononi zikiisha, huingia awamu ya mtaji, inayofanana na bao la kujifunza. Lakini sasa wapiganaji wamekwisha kujijengea majeshi yao kwa mikono yao wenyewe, na mtu hana wa kumlaumu kwa umbo la jeshi lake.

Watu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, walipata kuiona hekima hii ya kuweka akiba nje ya ubao. Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, pamoja na msafiri Henry Stanley aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda Ujiji, walitoka kumpiga mtemi Mirambo aliyeifunga njia hiyo ya misafara. Mmoja wao, Soud bin Said bin Majid, akauteka mji wa Wilyankuru, akapata pembe za ndovu na mateka, akaanza kurudi akiwa na mzigo mzito. Mirambo alikuwa amewalaza watu wake majanini kandokando ya njia. Soud aliuawa pamoja na wengi wa wenzake, na baadaye mwezi huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake, Mwarabu mwingine, Khamis bin Abdallah, akifa katika mapigano hayo. Waliokwenda Wilyankuru walikula kilichokuwa mbele yao. Yeye alikuwa na akiba.

Hata watengenezaji wa michezo ya kompyuta walifika karibu na shauri hili. Age of Empires ilipotoka mwaka 1997, majeshi yalikaa wazi uwanjani. Toleo la pili la mwaka 1999 liliwaruhusu askari na wakulima kujificha ndani ya majengo na kutoka wakati ufaao, na mchezo ukapata kina ambacho idadi ya askari peke yake isingeuletea.

Gharama ipo, nayo si ndogo: bao la Kiswahili lina masharti mengi juu ya nyumba, juu ya kutakata, yaani kusambaza pasipo na cha kula, juu ya shimo lenye kete zaidi ya 15 kutoruhusiwa kuanzisha mtaji, hata vijana wengi huishia kwenye bao la kujifunza wakidhani wamefika. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, alilipenda bao hadi uzeeni kwake Butiama, ilhali shule zetu nyingi hazina hata ubao mmoja. Nawasihi walimu wa mkoa huu wawape watoto ubao, wawafundishe mchezo wa kwanza kwa muhula mmoja, kisha wawatie kete 22 mkononi.